Kanisa la Kirkdale na Maandishi ya Saa Yake ya Jua

Katika bonde la kijito cha Hodge Beck, kaskazini mwa Yorkshire nchini Uingereza, lipo kanisa dogo la parokia liitwalo la Mtakatifu Gregori. Mgeni apitaye haraka aweza kulidharau, maana mnara wake ni wa mwaka 1827 tu, na upande wa altare ulijengwa upya mwaka 1881. Lakini akiinua macho juu ya mlango wa kusini ataona bamba la jiwe, urefu wake zaidi ya mita 2, lililochongwa saa ya jua pamoja na maandishi ya Kiingereza cha Kale.

Maandishi hayo yaeleza kwamba Orm, mwana wa Gamal, alilinunua kanisa likiwa limebomoka kabisa, akalijenga upya tangu msingi, katika siku za mfalme Edward na mtawala Tosti. Kwa kuwa Tosti alitawala Northumbria kuanzia 1055 hadi 1065, ujenzi wajulikana ndani ya miaka 10. Ni makanisa machache mno ya zama zile yenye ushahidi wa namna hiyo.

Kwa mwanaisimu, utajiri mkubwa umo katika sarufi. Orm, Gamal na Tosti ni majina ya Kiskandinavia, lakini lugha ni Kiingereza, tena Kiingereza kilichokwisha kupoteza baadhi ya viambishi vyake. Mchongaji aliandika «in Eadward dagum cyning», ambapo sarufi ya kusini ingedai «Eadweardes» na «cyninges», zenye kiambishi cha umilikaji. Hata jina la mtakatifu limeachwa katika umbo lake la Kilatini, pasipo kujali kazi yake katika sentensi. Wale wanaodai kwamba Wanormandi ndio walioanza kuviangusha viambishi hivyo baada ya 1066 wangelisoma jiwe hili kwanza.

Mwaka 1064, kadiri ya mwandishi wa tarehe John wa Worcester, Tosti aliamuru Gamel mwana wa Orm auawe mjini York, ingawa alikuwa amekuja kwa ahadi ya amani. Majina yafanya wengi wadhani kwamba ni ukoo ule ule. Oktoba 1065 wakuu wa Northumbria waliasi, Tosti akafukuzwa, naye akafa vitani Stamford Bridge tarehe 25 Septemba 1066. Jina lake lingali lasomeka juu ya mlango wa Orm.