Mgeni Miguuni pa Bafumu: Mafunzo ya Kiroho ya Usukuma kwa Macho ya Watu wa Nje

Historia ya Kanisa katika nchi yetu imezoea kumtaja mgeni kama mtu aliyekuja kufundisha. Mgeni aliyekuja kufundishwa hatajwi sana, na akitajwa huonekana kama mtu aliyepotea njia. Hata hivyo walikuwapo watu wa Ulaya na Marekani walioketi chini mbele ya wazee wa Usukuma na Unyamwezi, wakalipa ada, wakala kiapo, wakafundwa. Makala hii inakusudia kuwatazama watu hao na kuuliza maswali matatu: walifundishwa nini, ni jambo gani liliwapita, na Kanisa linalohudumu leo Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega lipate funzo gani kwao.

Yafaa kwanza tueleze shule zenyewe. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, lakini watu wake ni Wasukuma wa mashariki, ambao nchi zao za Ntuzu, Itilima na Kanadi zilikuwa chini ya watemi hadi utawala wa jadi ulipofutwa mwaka 1963. Kabla ya darasa la ubao na chaki, Usukuma ilikuwa na madarasa yake. Kulikuwa na ihane, ambamo mtu mzima aliingizwa katika heshima ya wazee. Kulikuwa na buyeye, chama cha watu wa nyoka. Bununguli, chama cha wawinda nungunungu. Buswezi, chama cha watu wa pepo. Na juu ya hayo yote bufumu, yaani elimu ya uganga na ramli. Vyama hivyo vilitofautiana kwa kazi, lakini vilifanana kwa mwenendo. Mwanafunzi alitoa ada, aliapa kutunza siri, alijifunza maneno yasiyojulikana na watu wa nje, alifundishwa dawa na nyimbo, na alimtii aliyemtangulia hata kama aliyemtangulia alikuwa mdogo wake kwa umri.

Jambo moja hapana budi lisisitizwe. Msukuma aliyeingia katika bufumu mara nyingi hakujichagulia. Aliugua, au mtoto wake aliugua, ramli ikapigwa, akaambiwa kwamba masamva ya babu au ya bibi yake yanamtaka. Mafunzo yalikuwa njia ya kupona. Kwa hiyo aliyeingia aliingia na ukoo mzima nyuma yake, walio hai na waliokufa. Hapo ndipo tofauti ya kwanza kati yake na mgeni inapoonekana, kwa maana mgeni alikuja kwa hiari yake, naye aliweza kuondoka.

Katika wageni wa mapema waliotuachia maandishi ni Mmarekani F. G. Carnochan. Alifika Tanganyika mwaka 1926 pamoja na msafara wa Smithsonian uliokuja kukusanya wanyama hai kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Washington. Baadaye alirudi, akaingizwa katika chama cha watu wa nyoka huko Unyamwezi, nchi ya ndugu wa karibu wa Wasukuma. Kitabu chake, alichokiandika pamoja na Hans Christian Adamson, kilitolewa mwaka 1935 kwa jina la The Empire of the Snakes. Kilichomvuta kilikuwa dawa, kwa kuwa alitaka kujua ni kwa nini watu hawa waliweza kuwashika nyoka wenye sumu na kuwatibu walioumwa. Tunaweza kusema kwamba alibisha hodi katika nyumba ya wazee akitafuta chupa iliyo rafuni. Chupa aliipata kwa kiasi chake, lakini msomaji wa leo hubaki akijiuliza wazee wale walimwona kuwa nani.

Wa pili ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Hans Koritschoner. Aliishi Tanganyika miaka mingi, akawa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, na karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1946 alichapisha maelezo marefu juu ya buyeye ya Usukuma, na mwaka 1953 kitabu juu ya picha zilizochorwa kwenye kuta za nyumba za chama hicho. Picha hizo zilikuwa za kufundishia. Mwanafunzi alioneshwa nyoka, watu wa masimulizi ya kale na mambo ya dawa, akafafanuliwa maana yake. Sisi tuliolelewa na picha za Biblia zilizotundikwa ukutani katika shule ya Jumapili tutaelewa upesi. Nyumba nyingi za aina hiyo zilikuwa za udongo, na udongo haudumu, hivyo tunamshukuru Cory kwa kuyahifadhi hayo. Hata hivyo tusisahau kwamba alikuwa mtumishi wa serikali iliyotaka kuwajua watu ili iwatawale vizuri zaidi.

Wa tatu ni wa siku za karibu. Koen Stroeken, mwanaanthropolojia kutoka Ubelgiji, alikaa Usukuma katika miaka ya 1990. Mwaka 2006 alichapisha makala juu ya kuingizwa katika chama cha Chwezi, ambacho Wasukuma hukiita buswezi, na mwaka 2010 kitabu juu ya uchawi kiitwacho Moral Power. Huyu hakuja kutafuta chupa wala kutengeneza faili la serikali. Alitaka kujua mtu anapata nini rohoni mwake anapopitia mafunzo hayo, naye aliona kwamba jambo hilo halijulikani kwa kuuliza maswali peke yake. Anatukumbusha pia kwamba Wasukuma hawachanganyi uganga na uchawi kama wageni wengi walivyochanganya.

Je, aliyefundwa akiwa mgeni huelewa kweli? Mfano wa Japani unatuonya. Eugen Herrigel, Mjerumani aliyefundisha falsafa katika mji wa Sendai kati ya 1924 na 1929, alijifunza upigaji upinde kwa mwalimu Awa Kenzo, na mwaka 1948 akatoa kitabu kidogo kilichowafanya wengi waamini kwamba upinde ule ni mlango wa dini ya Zen. Miaka mingi baadaye mtafiti wa Kijapani, Yamada Shoji, alionyesha kwamba Herrigel alimtegemea mkalimani, kwamba Awa mwenyewe hakuwa amelelewa katika Zen, na kwamba huenda neno kuu la kitabu kile lilitokana na kutoelewana. Tena Herrigel aliporudi kwao alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1937. Mafunzo yalimtuliza mkono, lakini hayakumfanya asimame upande wa jirani yake aliyekuwa akionewa. Neno hili la mwisho ndilo litakalotuongoza.

Wamisionari nao hawakuwa wote wa namna moja. Katika Kanisa letu la Kilutheri tunaye Bruno Gutmann wa misioni ya Leipzig, aliyefika Uchagani mwaka 1902 na kuhudumu huko, kwa vipindi, hadi 1938. Gutmann aliketi na wazee, akaandika mafundisho ya jando la Wachaga katika juzuu tatu zilizotolewa kuanzia 1932 hadi 1938. Hakujifanya mwali, alibaki mchungaji. Lakini aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviweka Muumba, na kwamba Injili haiji kuvikata. Huko Usukuma, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alifanya kazi Bujora karibu na Mwanza tangu miaka ya 1950. Aliyaingiza mazingira ya watemi ndani ya kanisa, na kando yake ikakua Makumbusho ya Wasukuma. Tunaweza kuwasahihisha wote wawili katika mengi. Gutmann, kwa mfano, hakuiona vema nafasi ya kijana aliyetaka kutoka katika ukoo. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba walihukumu kabla ya kusikia.

Sasa tufike kwenye jambo lililowapita wageni wengi. Aliyefundwa ramli amepewa uwezo wa kumtaja mtu. Mgonjwa anapouliza nani anamroga, jibu si fundisho la kiroho tu. Ni jina, au dalili inayoelekea kwenye jina, na mwenye jina hilo anakaa ng'ambo ya shamba. Takwimu zilizochapishwa na mtaalamu wa Kitanzania Simeon Mesaki zaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa sababu ya tuhuma za uchawi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wa Usukuma, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Wengi walikuwa vikongwe wenye macho mekundu, nao walikuwa na macho hayo kwa kuwa nchi haina kuni za kutosha, na miaka yote walipika kwa moshi wa samadi. Baadaye yakafuata mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, hata Serikali ikatangaza Januari 2015 kuwapiga marufuku wapiga ramli.

Mgeni aweza kuandika uzuri wa mafunzo kwa sababu mama yake haishi katika kijiji kile. Mchungaji aliyezaliwa Dutwa au Nkololo hana nafuu hiyo. Bibi yake aweza kutajwa. Tena babu yake aweza kuwa ndiye aliyetaja. Ndiyo maana wengi wetu tumechagua kunyamaza kabisa. Tunahubiri dhidi ya uganga kwa jumla, tusijue ndani yake ni lipi dawa ya tumbo, lipi heshima kwa wazee, na lipi upanga. Watu wetu, wakiona kwamba hatujui, hutuitikia kanisani asubuhi na kwenda kwa mfumu usiku.

Maandiko yanatupa mfano ulio karibu zaidi na shauri hili. Danieli alikuwa mgeni Babeli, naye alifundishwa miaka mitatu maandiko na lugha ya Wakaldayo. Hakukataa elimu ile. Alikataa chakula ambacho kingemtia unajisi; yaani alijua mpaka wake uko wapi. Na katika sura ya pili, mfalme alipoamuru wenye hekima wote wa Babeli wauawe, Danieli alimwendea mkuu wa askari akaomba wasiangamizwe. Aliyeijua elimu yao bila kuiabudu ndiye aliyeokoa maisha yao. Hapo tunapata kipimo cha mafunzo ya kiroho, yawe ya mgeni au ya mwenyeji, yawe ya Sendai, ya Bujora au ya chuo chetu wenyewe: yakiisha, ni uhai wa nani uliolindwa?

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. La kwanza, mwanafunzi wa theolojia atokaye Usukuma, au atakayetumwa huko, apewe muda wa kuketi na wazee na bafumu waliokubali kuzungumza. Asiingizwe chamani, aketi kama Gutmann alivyoketi, asikie na kuandika, tena kwa Kisukuma. Si haki kwamba mtu atake kujua picha za bayeye ni lazima asome Kiingereza cha Cory, wakati wajukuu wa wachoraji wamo katika madarasa yetu. La pili, usharika wowote unaposikia kwamba jina la bibi kizee limetajwa, wazee wa Kanisa waende nyumbani kwake siku hiyo hiyo, wakae naye, wale naye, na ijulikane kijijini kwamba Kanisa limelala pale. Kazi hiyo haihitaji kiapo cha siri. Yahitaji watu wanaojua maneno yaliyosemwa kwenye ramli yana uzito gani, nao watajuaje ikiwa hawakuketi kufundishwa?