Waliopewa namba: Vita Kuu ya Kwanza na Unguja yetu

Najua niliahidi kuendelea na homa za watoto, lakini mniwie radhi, leo naandika historia. Kisa chake ni swali la mwanangu.

Jumamosi nilikuwa na mapumziko, nikampeleka binti yangu wa miaka minane Mnazi Mmoja, kulitazama lile jengo jeupe lenye kuba, Beit el Amani. Wengi tunalijua kuwa ni makumbusho basi. Kumbe jengo lenyewe ni ukumbusho. Lilichorwa na John Sinclair, likafunguliwa tarehe 11 Novemba 1925, siku ya kukumbuka kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza. Ndiyo maana likaitwa Nyumba ya Amani. Mtoto akaniuliza, "Mama, kwani vita vilifika Unguja?"

Vilifika. Alfajiri ya Jumapili, 20 Septemba 1914, meli ya kivita ya Waingereza, HMS Pegasus, ilikuwa imetia nanga hapa bandarini kwetu, mashine zake zinatengenezwa. Ikatokea SMS Königsberg ya Wajerumani, ambayo mizinga yake inafika mbali zaidi. Pegasus ikawa inajibu lakini makombora yake hayafiki. Muda si mrefu ikawa hoi, na siku hiyohiyo ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa na wengine 55 walijeruhiwa. Mie nesi, nilipoiona hiyo 55 nikawaza wodi. Majeruhi 55 asubuhi moja, na dawa za antibiotiki bado hazijagunduliwa!

Katika waliokufa, 24 wamezikwa kisiwani Chapwani, karibu na Changuu. Kesho yake tukapanda boti kwenda. Pametulia, bahari na miti tu. Nikamwambia mwanangu, hawa walikuwa vijana, na mama zao walikuwa mbali sana, lakini majina yao yamehifadhiwa mpaka leo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na yule babu anayesimuliwa na bibi, kaburi lake liko wapi?"

Hapo nilishindwa kujibu.

Bibi yangu alikuwa akitusimulia kuhusu ami yake, kijana wa shamba, aliyechukuliwa kwenda vitani bara kubeba mizigo. Hakurudi, wala haikuja barua. Nyumbani walingoja mpaka wakachoka, wakamsomea khitma bila maiti.

Hakuwa peke yake. Kule bara mbung'o waliua farasi na ng'ombe, na magari hayakuwa na njia, kwa hiyo mzigo wa jeshi ulibebwa kwa vichwa vya watu, kilo 25 hivi kila mmoja. Upande wa Waingereza peke yake walitumika wapagazi kiasi cha milioni moja, wakiwamo wa Zanzibar. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na sisi tukalitamka Kariakoo. Ndilo jina la soko la Dar es Salaam mpaka leo.

Hesabu za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 90,000 waliokufa. Na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Mtu aliyezoea wali alipewa unga wa mahindi na maharage, sufuria hazitoshi, kuni mbichi, muda hakuna, akala chakula kibichi. Tumbo likaharibika. Maji ya kunywa ni ya dimbwini. Mama zangu, maradhi haya ninayowaambia kila siku mnawe mikono na mchemshe maji, ndiyo yaliyomaliza watu wale.

Kila mpagazi alivishwa kipande cha chuma chenye namba. Kazini kwetu mtoto akizaliwa tunamfunga utepe mkononi. Nao una namba, lakini kwanza una jina la mama yake, ili asipotee. Wale nao walikuwa watoto wa watu, ila kwa wengi namba haikuwarudisha kwao.

Kwa hiyo usiku ule nilimpigia simu shangazi yangu mkubwa, nikamuuliza jina la yule babu. Akalitaja, pamoja na la baba yake na mtaa wao. Ana miaka themanini na ushee. Ningechelewa kidogo tu, lingekwenda naye. Binti yangu ameliandika kwenye daftari lake la skuli, kwa herufi kubwa.

Nanyi wiki hii, hebu kaeni na wazee wenu muulize: nani katika ukoo wetu aliondoka asirudi? Liandikeni jina. Na mwenye mtoto ambaye bado hajamchukulia cheti cha kuzaliwa, akifuatilie, asiseme kesho.

Homa za watoto tutaendelea nazo sehemu ijayo, inshaallah.