Roboti Kipofu na Oda ya Vipande Kumi

Mtazame fundi wa kuchomelea mageti akiwa kazini. Bomba hili limekatwa fupi kidogo, lile limepinda. Yeye wala hashtuki: anaangalia mwanya, anasikiliza mlio wa moto, mkono unafuata. Sasa jiulize, kama roboti zimo viwandani tangu 1961, mbona kazi ndogo kama hii iliwashinda wenye roboti kwa miaka mingi?

Mwaka huo wa 1961, Unimate, roboti iliyotokana na uvumbuzi wa George Devol, ilianza kazi katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Ilikuwa inatoa vyuma vya moto kwenye mashine ya kalibu. Baadaye Unimate zikapewa kazi ya kuchomelea bodi za magari. Zilikuwa na nguvu na hazichoki, ila zilikuwa vipofu. Zilirudia tu njia zilizofundishwa. Chuma kikisogea milimita chache, mshono unakwenda pembeni.

Kwa mtengeneza magari hilo linavumilika. Anatengeneza vibanio maalumu vya kushika kila kipande palepale, na gharama inagawanyika kwenye maelfu ya magari. Je, mwenye oda ya vipande kumi? Anaweza kuifundisha roboti kutwa nzima, wakati fundi angekuwa ameshamaliza kazi.

Hapo ndipo vihisi vinapoingia. Mwaka 1975 kampuni ya Hitachi ya Japani ilitoa Mr. AROS, roboti ya kuchomelea iliyopima mwanya na kusahihisha njia yake yenyewe.

Mbinu zinazotumika leo si uchawi. Ya kwanza: kabla ya kuwasha moto, roboti inagusisha waya kwenye chuma, umeme ukipita, inajua chuma kiko wapi. Ya pili: inayumbisha tochi kushoto na kulia, na ikikaribia ukuta wa chuma, mkondo wa umeme unapanda, kwa hiyo inajirudisha katikati. Hii inafaa kwenye vyuma vinene vyenye kona. Kwenye bati jembamba inapata shida. Ya tatu: mstari wa leza unamulika mbele ya tochi, na kamera inaona mstari ule unavyovunjika penye mwanya.

Umeona kilichobadilika? Roboti kipofu ilitaka kila kipande kifanane na kingine. Yenye vihisi inakubali tofauti ndogo, na karakana ndogo zinaishi kwa tofauti hizo.

Ila tusidanganyane. Kihisi kinaonyesha mshono ulipo. Lakini upande upi uanze ili chuma kisipinde kwa joto, au mwanya upi ni mkubwa mno kuchomelewa, bado anayeijua kazi ndiye anayepaswa kuamua na kuifundisha mashine. Kwa hiyo siku ukiletewa roboti ya kununua, usiulize tu ina kasi gani. Uliza inahisi nini, kisha muite fundi wako asikilize jibu.