Nahau za Kiingereza

Nahau za Kiingereza ni mafungu ya maneno ambayo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana ya neno mojamoja. Mwanafunzi anayesikia "kick the bucket" huona ndoo ikipigwa teke. Mwingereza husikia habari ya kifo, kama Mswahili anavyojua kuwa aliyekata kamba hakushika kisu. Nahau hiyo imo katika kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose, iliyochapishwa London mwaka 1785.

Asili: "The writing on the wall", yaani dalili ya maangamizi yajayo, hutokana na maandishi ya ukutani katika sura ya 5 ya Kitabu cha Danieli. "Green-eyed monster", yaani wivu, imetoka katika tamthilia ya Othello ya Shakespeare.

Umbo: Kitenzi hufuata wakati, hivyo "kicked the bucket" ni sahihi. Ukiigeuza kuwa kauli ya kutendwa, "the bucket was kicked", kifo hutoweka na kubaki ndoo.

Matumizi: Tafuta maana inayolingana, usitafsiri neno kwa neno. "Spill the beans" hutaja kumwaga maharagwe, lakini maana yake ni kutoboa siri. Zingatia pia adabu: msibani usiseme "kick the bucket", sema "pass away", kama tunavyosema marehemu amefariki. Nahau isiyofaa mahali pake huweza kumuumiza mfiwa hata kama sarufi yake haina kasoro.