Bikira Maria wa Ukutani kwa Susu Alikuwa Msichana wa Kijiji

Ingia nyumba nyingi za Wakatoliki wazee Kitui ama Makueni, halafu uangalie ukutani. Kuna kalenda ya parokia, kuna picha ya harusi, na hapo katikati kuna Bikira Maria na Mtoto. Ya susu wangu imefifia kabisa. Maria amejitanda shuka kichwani, Mtoto amelala kifuani pake. Miaka yote nilidhani hiyo ndiyo sura yake, ni kama alipigwa picha.

Wasee, nikaitafuta. Ilichorwa na Roberto Ferruzzi huko Italia, na mwaka wa 1897 ikashinda kwenye maonyesho ya Venice. Aliyechorwa ni Angelina Cian, msichana wa miaka 11, amembeba ndugu yake mdogo. Picha yenyewe ilipotea. Iliyozunguka dunia ni nakala za karatasi, na moja ikafika kwa susu.

Sasa fikiria. Msichana wa miaka 11 amebeba mtoto. Si huyo unamwona kila siku akienda kuchota maji, kuanzia Mutomo hadi Kibwezi? Wa kwetu tunampita tu. Wa Italia aliwekwa kwenye fremu, tukampigia magoti.

Kuna mtu aliwahi kuliona hili. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea Makerere, alichora kuta za kanisa la Anglikana Murang'a, akamaliza 1959. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Kwenye kuzaliwa kwa Yesu, Maria ni Mwafrika na boma ni la hapa. Watu waliokuwa wametoka kuzika wao walihitaji kuona Mungu amezaliwa kwao.

Na si ati Ukambani hatuna mikono. Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na ufundi wa kuchonga, na hadi leo kazi hiyo inalisha familia nyingi. Wachongaji wetu wanachonga hata Maria, Yusufu na Mtoto. Lakini nyingi zinaenda kwa watalii na ng'ambo. Sisi nyumbani tunabaki na karatasi.

Nilimwambia susu nitoe hiyo picha nimletee Maria Mkamba. Akaniangalia tu.

"Huyu amenisikiza tangu babako akiwa mgonjwa. Lete huyo mwingine, tutamweka kando yake."

Nikanyamaza, juu ana haki. Shida haikuwa Angelina kuwa ukutani. Shida ni vile amekaa hapo peke yake.

Kama unachora na wewe ni wa Kitui ama Makueni, anza na huyo msichana wa maji. Omba ruhusa kwa mamake kwanza. Susu ashapima nafasi ukutani.

Kwenu iko picha gani?