Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Namna ya Kukipima Chombo cha Habari

Kila chombo cha habari kina mwenyewe, na mwenyewe ana yake anayoyataka. Hilo si ajabu. Hasara ni kwa msomaji anayeimeza habari bila kujua ngoma imewambwa na nani, au anayeitupa habari ya kweli kwa sababu tu hampendi mwenye gazeti.

Wengi wetu huchanganya mambo mawili. Upendeleo ni upande ambao chombo kinauegemea: habari ipi iwekwe mbele, nani aulizwe, nani asiulizwe. Uaminifu ni jambo jengine: je, yaliyoandikwa yalitokea kweli? Gazeti laweza kuwa na upande wake na bado likaandika kweli. Jengine laweza kujionyesha halina upande na likaeneza uongo. Kwa hivyo vipimo ni viwili, si kimoja.

Mwenye chombo ni nani?

Gazeti la Standard lilizaliwa hapa hapa Mombasa mwaka 1902, likiitwa African Standard, na mwenyewe alikuwa mfanyabiashara A. M. Jeevanjee. Baada ya miaka michache aliliuza kwa Wazungu, makao yake yakahamia Nairobi, na kwa miongo mingi likawa sauti ya walowezi. Miaka ya 1960 liliingia mikononi mwa kampuni ya Lonrho ya Uingereza. Miaka ya 1990 likanunuliwa na watu wa karibu na Rais Moi. Jina limebaki karibu lile lile, ila wenyewe wamebadilika, na maslahi yao pia.

Vyombo vyengine navyo vina wenyewe. Citizen na Bahari FM ni vya Royal Media Services ya S. K. Macharia. Kampuni ya Mediamax, yenye K24 na People Daily, imehusishwa kwa muda mrefu na familia ya Kenyatta. KBC, ambayo ndiyo yenye Pwani FM, ni shirika la serikali.

Lakini kumjua mwenyewe hakutoshi, kwa kuwa kuna mkono mwengine unaobana. Usiku wa Machi 2, 2006, wakati wa Rais Kibaki, polisi walivamia Standard, wakachoma magazeti na kuizima KTN. Januari 30, 2018, serikali ya Uhuru Kenyatta ilizima Citizen, NTV na KTN kwa sababu ya kiapo cha Raila Odinga, na zikabaki zimezimwa kwa siku kadhaa hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru zifunguliwe. Ongeza matangazo ya biashara ya serikali, ambayo ni mapato makubwa kwa vyombo vingi. Chombo kinachoogopa kuyakosa huenda kisiandike uongo wowote, kikanyamaza tu.

Mfano: Mpeketoni

Juni 15, 2014, washambuliaji waliingia Mpeketoni. Pamoja na shambulizi la usiku uliofuata, watu zaidi ya 60 waliuawa. Al-Shabaab walisema ni wao. Juni 17, Rais Kenyatta akasema si wao, ni mitandao ya kisiasa ya eneo hilo.

Kwa mtu wa Lamu, hayo hayakuwa mabishano ya magazetini. Ikiwa ni wanasiasa wa hapa, basi jirani yako ni mshukiwa. Siku chache baadaye Gavana Issa Timamy alikamatwa. Aliachiliwa, hakupatikana na hatia yoyote, na mwaka 2022 wananchi wakamchagua tena.

Hapo ndipo uaminifu wa chombo unapoonekana. Kuandika “Rais alisema mauaji yamepangwa na wanasiasa” ni habari, kwani kweli alisema. Kuandika “mauaji yamepangwa na wanasiasa” ni hukumu, na hukumu yataka ushahidi. Neno moja, “alisema”, ndilo linalotenganisha mwandishi na mpiga debe.

Maswali ya kujiuliza

1. Nani amesema? Jina na cheo vina uzito. “Duru zinasema” huenda ikawa kweli, lakini ngoja uthibitisho.
2. Mwandishi alifika? Habari ya Kwale iliyoandikwa Nairobi kwa taarifa ya polisi pekee ni habari ya polisi.
3. Upande wa pili umeulizwa? Katika kesi ya ardhi, tazama kama maskwota wamesikika au ni mwenye hati peke yake.
4. Ni habari au ni maoni? Maoni yana haki yake, mradi yasivalishwe kanzu ya habari.
5. Chombo hukiri makosa? Kinachosahihisha hadharani kinaaminika zaidi kuliko kinachofuta kimya kimya.
6. Nini hakijaandikwa? Soma habari moja katika vyombo viwili vyenye wenyewe tofauti. Kinachokosekana kwa mmoja utakiona kwa mwenzake.

Habari ikikudhulumu

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomdhuru. Mwandikie mhariri kwanza: taja tarehe, maneno yenyewe, na ueleze ukweli ni upi. Weka nakala. Asipokujibu, peleka lalama kwa Tume ya Malalamishi ya Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013.

Tumezoea kusema lisemwalo lipo. Mpeketoni ilitufundisha kwamba lisemwalo huenda halipo, na mtu akalala rumande kwa ajili yake. Kabla ya kusambaza habari ya mtu, ipitishe katika maswali hayo sita. Nasi pia tupimeni kwa kipimo hicho hicho.