Jason Sendwe, mtu wa hospitali aliyeenda bungeni



Hapa Lubumbashi mgonjwa akizidiwa usiku, jamaa wanasema tu: "Mumupeleke ku Sendwe." Neno hospitali halitajwi hata. Watoto wetu wenye walizaliwa Kala na Mwange, kule Zambia, wanalijua jina hilo kwa foleni na sindano, lakini wengi hawajui kama alikuwa mtu. Tuwaeleze basi, kwa sababu historia yake inagusa mambo yetu sisi watu wa kukimbia na kurudi.

Mzee Jason Sendwe alizaliwa mwaka 1917 upande wa Kabongo, kwa Waluba wa Katanga, akasoma kwa Wametodisti. Alitaka kuwa munganga. Lakini Kongo ya Wabelgiji haikuwa na shule ya kumfanya mtu mweusi kuwa munganga kamili. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954, cha hapa Elisabethville 1956, wakati yeye alikuwa anakaribia miaka 40. Alipata kile walichomruhusu: uuguzi na kazi ya kusaidia waganga Wazungu. Kazi unaifanya, cheo ni cha mwingine. Mimi naona siasa yake ilianzia hapo, kabla ya chama chochote.

Chama kilikuja 1957: Balubakat, muungano wa Waluba wa Katanga. Ilianza kama hii yetu, watu wa kwetu kusaidiana katika mji wa ugeni. Na tusimfanye mtakatifu. Mwaka 1959 Balubakat ilitembea pamoja na Conakat ya Moïse Tshombe, na Conakat ilikuwa inasema wazi kama watu wa Kasai ni wageni hapa. Waliachana kabla ya mwaka kwisha, na ndipo Sendwe akafanya Kartel pamoja na chama cha hao watu wa Kasai.

Mwezi wa tano 1960 akachaguliwa mbunge, ao depite vile tumezoea kusema, katika bunge la taifa. Kwa bunge la jimbo, hesabu ndiyo ilileta vita. Viti vilikuwa 60. Conakat ilipata 25, Kartel ikawa nyuma yake kidogo tu. Sheria ilitaka theluthi mbili ya wabunge wawe ndani ndipo serikali ichaguliwe, na watu wa Kartel wakakataa kuingia. Bunge la Ubelgiji likabadilisha sheria katikati ya mwezi wa sita, wiki mbili tu mbele ya uhuru! Tshombe akaunda serikali bila wao. Lumumba akamtaja Sendwe kuwa komisere wa serikali kuu kwa Katanga, lakini tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza Katanga imejitenga. Komisere akabaki na barua bila ofisi.

Kaskazini damu ikamwagika. Askari wa Katanga walichoma vijiji, na vijana wa Balubakat nao waliua. Pale Niemba, mwezi wa kumi na moja 1960, waliua askari Waireland wa ONU ambao hawakuwa adui wao. Mwezi mmoja mbele, ONU ilikuwa imemtembeza Sendwe kaskazini ili atulize watu, na walimpokea vizuri. Lakini hakukaa kule, na maneno ya kiongozi asiyekaa hayashiki sana.

Mwisho wa mwezi wa nane 1961, hapa mjini, Waluba wa Katanga na wa Kasai walianza kukimbia polisi ya Katanga, wakajilundika karibu na askari Waswedi wa ONU. Katika siku chache za mwezi wa tisa walikuwa tayari 35,000, wakijenga kwa majani, karatoni na mabati. Njaa, magonjwa, na ndani ya kampi wenyewe kwa wenyewe wakaumizana. Wenye tuliishi kampini hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1962 ONU ikawarudisha kwa makumi ya maelfu, wengi kwa treni. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa ao wamefanya kazi hapa miaka mingi, na wakaambiwa wanarudi "kwao", mahali ambapo hawakuwa na nyumba wala shamba. Neno hilo, kurudi, linaficha mambo mengi.

Sendwe alikuwa Léopoldville, makamu wa waziri mkuu Cyrille Adoula, tangu 1961 hadi mwanzo wa 1963. Mwezi wa tisa 1963 akawa rais wa jimbo la Katanga ya Kaskazini, makao Albertville, yaani Kalemie ya leo. Aliongoza jimbo lililojaa watu waliotoka kukimbia, na wenzake wa Balubakat wakiwa wamegawanyika. Bunge la jimbo likamwangusha, kisha likamrudisha. Mwezi wa sita 1964 waasi waliteka mji, na yeye akauawa. Alikuwa na miaka 46 ao 47. Nani hasa alitoa amri, mpaka leo watu wanabishana.

Baba na mama wenye walikaa katika kampi ya ONU ya 1961, ao wenye wazazi wao walipanda treni za 1962, tunaomba muje kwa karani siku ya mkutano. Tunataka kuandika majina ya stesheni mulizoshukia, na nani aliwapokea.